Nixe wa bwawa la kinu: mdai au mwizi?

Katika mkusanyo wa hadithi za Kijerumani wa ndugu Grimm, hadithi namba 181, "Die Nixe im Teich" (Nixe wa bwawani), iliingizwa katika toleo la 5, mwaka 1843. Asili yake ni Oberlausitz, mashariki mwa Ujerumani, na aliyeichapisha kabla yao ni Moriz Haupt, mzaliwa wa Zittau. Kuna namna mbili za kuisoma. Ya kwanza inamwona Nixe, pepo wa kike wa majini, kuwa mwizi wa watu. Ya pili inasema alikuwa anadai chake, maana mkataba ulikuwepo.

Huo mkataba uko hivi. Msagaji aliyefilisika anatembea alfajiri juu ya tuta la bwawa lake. Nixe anatoka majini, nywele ndefu zimemfunika mwili, anamwita kwa jina. Anaahidi kumpa utajiri kuliko wa zamani, kwa sharti moja: ampe kilichozaliwa muda huo nyumbani kwake. Kwa Kijerumani anasema kitu ambacho "jung geworden ist", neno kwa neno "kimekuwa kichanga", kauli inayoangukia kirahisi kwenye vitoto vya wanyama, na msagaji anajiambia ni mbwa au paka tu. Anakubali. Kabla hajaingia ndani, mjakazi anamkimbilia na habari njema: mkewe amejifungua mtoto wa kiume.

Wanaomlaumu Nixe wana hoja nzito hapa. Alijua, akaficha kwa maneno. Msimulizi mwenyewe anamwita mwenye hila. Halafu aliyeuzwa hakuulizwa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mtoto mchanga hakukopa.

Hata hivyo, msagaji hakufungwa macho na mtu. Ni kosa lile lile la Yeftha katika Biblia: kuahidi kitu usichokijua ukitumaini kitakuwa cha bei rahisi. Na baada ya kujua, masanduku yake yanajaa yenyewe, pesa zinaongezeka usiku kabatini. Moyo unamsuta, ndiyo, lakini hakuna mahali anaporudi kwenye tuta kuzirudisha. Anachofanya ni kumkataza mwanawe kusogelea maji.

Nixe anangoja miaka. Kijana anakuwa mwindaji, anaoa, na siku moja anamfukuza paa mpaka nje ya msitu, anampiga risasi. Hajatambua kwamba yuko karibu na lile bwawa. Anampasua, kisha anakwenda kunawa damu mikononi. Nixe anaibuka akicheka, anamkumbatia kwa mikono iliyolowa, maji yanawafunika. Hapo wanaomtetea husema alichukua alichoahidiwa, tena pale tu kijana alipogusa maji yake.

Utetezi huo unayumba mke anapoanza kumtafuta mumewe. Bibi mzee mlimani anampa vitu vitatu vya dhahabu, kimoja kwa kila mwezi mpevu: kitana cha kuchania nywele, filimbi ya kupigia wimbo mzuri, na gurudumu la kusokotea uzi mpaka bobini ijae. Kila kimoja, akimaliza kukitumia, akiache ukingoni. Kwa kitana, wimbi linakichukua na kichwa cha mume kinaibuka, kimya, macho ya huzuni. Kwa filimbi, nusu ya mwili, mikono ikimnyooshea mkewe. Kwa gurudumu, mwili mzima. Anayesimulia akiruka hatua moja au kuchanganya mpangilio anaiua hadithi, kwa sababu mume anarudi kwa awamu, kama deni linavyopungua.

Nixe alipokea vyote vitatu. Mume aliporuka nchi kavu, bwawa zima liliinuka na kuwafukuza. Mtu anaweza kusema hakuna popote Nixe alipotamka kwamba vitu vile ni fidia, na pengine aliuza nafasi ya kumtazama mume tu. Hoja ipo, ila naiona nyembamba: mdai anayekula malipo kisha anamkimbiza mlipaji amevunja hata sheria yake mwenyewe.

Bibi anawageuza, mke chura wa nchi kavu, mume chura wa majini (Kijerumani kina majina mawili, msimulizi wa Kiswahili aongeze maelezo). Mafuriko hayawaui, yanawatupa nchi za mbali. Wanakuwa wachungaji wa kondoo, wanakutana bila kufahamiana, mpaka mume anapopiga kwa filimbi wimbo ule wa bwawani na mke anaangua kilio.

Kwa anayetafsiri, neno nguva litapotosha, maana Nixe huyu hatajwi kuwa na mkia wa samaki. Jini wa maji linakaribia zaidi, kwa sababu anatoa mali kwa masharti.

Nixe haadhibiwi. Msagaji naye hatajwi tena. Hatuambiwi kama masanduku yake yaliacha kujaa.