Mama Mkwe na Palmu Isiyo na Lebo

Kazi yangu ni bustani za watu. Kwa hiyo mke wangu aliponunua palmu isiyo na lebo kwenye kitalu cha kando ya Ngong Road, kwa Sh1,800 baada ya kuvutana kutoka Sh3,000, hakuona haja ya kuuliza jina mara mbili. Muuzaji alimwambia ni areka, palmu ya ndani, haikui sana, haisumbui. Ushahidi? "Si unaona ilivyo ya manjano!"

Manjano ilikuwepo kweli, ila mahali pasipo pake. Areka, ambayo asili yake ni Madagaska, huwa na manjano kwenye vikonyo na kwenye uti wa kuti. Vijani vyenyewe, yaani vile vijipande vyembamba vya kuti, hubaki na rangi ya kijani. Hii yetu ilikuwa na vikonyo vya kijani, na makuti ya chini ndiyo yaliyopauka. Hiyo ni njaa tu. Mizizi ilikuwa imeshatoboa mfuko ule mweusi wa miche, udongo umechoka, mti unakula makuti ya zamani ili ulishe machanga.

Nikasema nitataja jina nikishaukagua. Mke wangu hakungoja. Akapiga picha ncha za majani kutoka juu, na programu ya simu ikampa majina matatu kabla chai haijaiva, yote kwa uhakika mkubwa. Picha ya ncha haisemi kitu. Inayosema ni picha ya shina linapotoka udongoni, ya kikonyo, na ya kijani pale kinaposhikana na uti.

Hapo kwenye uti ndipo pa kuanzia. Kata kijani kimoja kwa kukingama, karibu na uti, utazame mkunjo. Areka, kentia (palmu nyingine ya ndani) na mnazi wenyewe hukunja V iliyopinduliwa. Jamii ya mtende hukunja V iliyosimama, maji ya mvua yanakaa ndani. Wetu ulikuwa V iliyosimama. Halafu ukishuka kwenye kikonyo, vijani vya chini kabisa vya jamii hiyo si vijani tena, ni miiba. Nilikuwa nimeinama na makasi nikitaka kulithibitisha hilo, shemeji akanithibitishia yeye. Alikuwa kwenye kochi anatazama mpira, mti uko nyuma ya bega lake. Aliruka mara mbili: ya kwanza kwa goli, ya pili kwa mwiba. (Mwiba huo utoe mzima. Ncha ikibaki karibu na kiungo, kiungo kinaweza kuvimba kwa wiki kadhaa.)

Ikabaki kujua ni ndugu yupi wa mtende. Yule mdogo wa bonde la Mekong huko Asia, Phoenix roebelenii, makuti yake ni laini na membamba. Wa Visiwa vya Kanari husimama na shina moja. Wetu ulikuwa mgumu, na chini ulishachipua machipukizi mawili. Lakini miche ya jamii hii hufanana, na tena huzaa machotara ovyo, kwa hiyo nilikuwa bado niko kwenye "pengine" mama mkwe alipoingia kutoka Malindi. Shikamoo yangu haijaisha, yeye ameshasugua jani kwa vidole.

"Marahaba, baba. Mkindu huu. Mnauweka ndani wa nini?"

Phoenix reclinata, mzaliwa wa hapa hapa, hupenda kingo za mito, mashina mengi yanayoinamia huku na huku, urefu mita kumi. Mke wangu akataka kujua Malindi unauzwa bei gani. Mama alicheka tu.

Kesho yake nilitoka kwenda kuchanganya udongo: madebe mawili ya udongo mwekundu, moja la samadi iliyooza, moja la mchanga. Niliporudi, makuti ya katikati yaliyokuwa hayajafunguka hayapo. Yako kwenye gazeti, juani, na mama anayachana.

"Mama, hayo..."

"Ndiyo ukindu wenyewe, baba. Likishafunguka limekuwa gumu, halisukiki."

Mkwe hapandishi sauti. Nikaenda kuchungulia kimyakimya. Kila shina la palmu lina kichilema kimoja tu, ule moyo laini wa juu unaotoa makuti. Ukikikata, shina hilo limekwisha. Bahati nzuri kisu cha mama kilipita juu yake. Masalio ya makuti yale mtini yaliendelea kurefuka, yakafunguka na ncha zimenyooka kama denge la mtoto aliyetoka kwa kinyozi.

Sasa mti uko nje karibu na geti, juani, mita tatu kutoka ukutani ili machipukizi yapate nafasi. Unanyweshwa ndoo moja kila baada ya siku mbili mpaka ushike.

Ukili, yaani msuko wa ukindu ule, ulitosha kipepeo cha jiko, tena bila pindo. Juzi mama amepiga simu kuuliza kama mkindu umetoa makuti mengine. Nikamwambia bado. Akauliza kama yule muuzaji ana mingine, na mke wangu ameshachukua mkoba.