Kiingilio cha Kwenda Kufungwa

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp Jumapili jioni, wakati tumeizunguka meza ya pool kwenye baa moja ya Kijenge, Arusha, tukigombania zamu. Chalii wetu aliyehamia Philadelphia, yule aliyekuwa akiishika meza hiyohiyo kuanzia saa kumi mpaka mhudumu anazima taa, aliuliza swali moja: ajiandikishe US Open ya pool au aache? Kiingilio ni mamia ya dola na nusu yake ameshaiweka. Hakuomba mchango. Ila kwetu, swali la hela likishatua kundini, mchango umeshaombwa.

Tulibishana mpaka tokeni zikaisha. Nusu ya meza ilisema aingie, mtu huishi mara moja. Nusu nyingine ikasema huko ni kulipa kiingilio cha kwenda kufungwa. Nimekaa na swali hilo wiki nzima na naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila kila upande uliishikilia ile iliyo dhaifu.

Kwa asiyeyafahamu, mashindano haya yalianzishwa mwaka 1976 na Barry Behrman huko Norfolk, Virginia. Tangu 2019 yanaendeshwa na kampuni ya Matchroom ya Uingereza, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2021 yalichezwa Atlantic City, New Jersey, yakiwa na wachezaji 256 wa mchezo wa mipira tisa, ambao anayeingiza mpira namba tisa ndiye anayeshinda gemu. Kutoka Philadelphia mpaka Atlantic City ni kama kilomita 100, sawa na kutoka Arusha kwenda Himo, kwa hiyo nauli si hoja. Mashindano ni ya wazi kama jina linavyosema. Mtu anayecheza baada ya kazi anaweza kulipa na kujikuta kwenye ratiba moja na Joshua Filler wa Ujerumani, bingwa wa 2019, au Carlo Biado wa Ufilipino, aliyeondoka na dola 50,000 mwaka 2021. Ukifungwa mara ya kwanza hutoki, unashushwa upande wa waliofungwa. Ukifungwa tena, unafunga mkoba. Mechi mbili, basi, ndizo anazonunua kwa uhakika. Nyingine zote ni dua.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana pale Kijenge hakuna aliyeigusa. Marekani wana mfumo wa kupima wachezaji unaoitwa FargoRate. Tofauti ya pointi 100 maana yake mwenye nyingi anategemewa kushinda gemu mbili kwa kila moja ya mwenzake. Tofauti ya 200 ni nne kwa moja, ya 300 ni nane kwa moja. Chalii wetu mwenyewe anasema ana 520. Wakubwa wa mchezo wamevuka 800. Mechi ya raundi za mwanzo ni ya kuwahi gemu tisa. Akipangiwa mmoja wa wakubwa hao, tisa kwa moja ndiyo matokeo ya kutegemea, na hiyo moja huenda ikatokana na mpira wa tisa uliojiingilia wenyewe kwa bahati.

Lakini si wote 256 ni akina Filler. Wamo mafundi magari, walimu na wenye baa waliolipa kama yeye. Akikutana na mwenye 650, hesabu inabadilika: kama gemu mbili na nusu kwa moja, yaani tisa kwa nne hivi. Hapo mtu amecheza. Kwa hiyo waliosema "atafungwa tu" walisema kweli isiyosaidia, kwa sababu kufungwa tisa kwa moja na kufungwa tisa kwa nne ni bidhaa mbili tofauti zinazouzwa kwa bei moja, na ratiba ndiyo inayoamua umeuziwa ipi.

Hoja nzito ya kumzuia aliitoa mzee mmoja, dereva wa zamani wa watalii, ambaye huongea mara chache na hucheza mara chache zaidi. Alisema: "Atajifunza nini akiwa amekaa?" Wengi walicheka, lakini huo ndio moyo wa jambo. Kwenye mpira wa miguu, timu dhaifu ikikutana na timu kubwa angalau inakimbia dakika tisini. Kwenye pool, mpinzani akiwa na mkono mzuri wewe unakaa. Anafungua, anamaliza mipira yote tisa, inapangwa tena. Wewe una fimbo mapajani na maji ya chupa, na watu wanakutazama unavyotazama. Hicho ndicho kiti moto chenyewe, wala hakina ndizi za kuchoma. Kiti hufundisha uvumilivu. Kupiga hakifundishi. Kwa hela hiyohiyo angeweza kuingia mashindano madogo ya jioni huko aliko, wiki baada ya wiki, acheze gemu nyingi na watu wanaomzidi kidogo tu, ambao ndio walimu wazuri kuliko wanaokuzidi sana.

Halafu kuna meza. Ubingwa wake wa Kijenge ulijengwa juu ya meza ndogo ya tokeni ambayo sote tunajua imeinamia dirishani. Mpira mweupe ukiupiga taratibu kutoka upande wa kaunta, unapinda wenyewe kama mlevi anayetafuta mlango. Mgeni hawezi kulijua hilo, na gemu nyingi alizoshinda alizishinda kwa kulijua. Kule meza ni ya futi 9, imenyooka kama maji ya mtungi, kitambaa ni chepesi na mpira hausimami pale ulipozoea kusimama. Mashimo ya kona ya meza za mashindano ya Matchroom yamebanwa mpaka inchi 4, na mpira wenyewe una kipenyo cha inchi 2 na robo. Fanya hesabu: mipira miwili haiwezi kupita bega kwa bega. Mpira anaousukuma kwa kukadiria huku ukaingia, kule utagonga kingo mbili na kurudi kumsalimia.

Upande wa waliosema aingie ulianza vibaya, kwa hadithi. Mmoja akamleta John Stephen Akhwari, Mexico City, 1968, aliyemaliza marathoni wa mwisho na goti limefungwa bandeji. Kila Mtanzania anayetaka kwenda kushindwa humtanguliza Akhwari, nami nimechoka. Akhwari hakuwa mtu wa mbio za jioni aliyelipa kiingilio. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyeanguka njiani, na miaka miwili baadaye alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Mwingine akamleta Efren Reyes wa Ufilipino, aliyefika Marekani mwaka 1985 kwa jina la bandia na kuwafunga wenyeji wakishangaa huyu katokea wapi. Ni kweli hawakumjua. Ila yeye alikuwa amelelewa kwenye kumbi za pool tangu utotoni, na mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kutwaa hiyohiyo US Open. Kutojulikana na kutojua ni mambo mawili.

Hoja yao nzuri walikuwa wameikalia. Mji huu na jirani yetu Moshi vinakula kwa watu wanaolipa maelfu ya dola kwenda kufanya jambo ambalo hawatalifanya vizuri. Mtalii anayepanda Kilimanjaro hataweka rekodi yoyote. Wengine hawafiki hata mita 5,895 za kilele cha Uhuru, wanarudishwa wakitapika. Hakuna mpagazi anayemuuliza kama anategemea kushinda. Na kila mwaka tangu 2003, Moshi ina Kilimanjaro Marathon, ambamo karani wa benki anaanzia mstari mmoja na wanaokimbilia zawadi. Tunamshangilia. Kwa nini chalii wa pool ndiye atakiwe kuleta faida?

Nadhani ni kwa sababu pool kwetu haijawahi kuondokana na harufu ya uvivu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wawasukume kazini vijana wanaocheza pool asubuhi, na kauli ile ilitua kwenye masikio yaliyokuwa tayari. Mtu akitumia milioni kupanda mlima ni mpenda michezo, akiitumia kwenye pool ni mhuni. Siku zile Safari Lager ilipokuwa ikidhamini mashindano ya taifa, angalau palikuwa na ngazi: baa, mkoa, taifa. Ukifungwa mkoani ulijua umeishia wapi. US Open inamruhusu mtu aruke ngazi zote kwa pochi, na ndiyo maana wazee wanaitilia shaka.

Ila mfano wa mbio una tundu, na nisipolitaja mimi atalitaja mwingine. Karani wa Moshi akikimbia kwa saa sita hamzuii mtu. Barabara ni pana. Meza ya pool si pana: nafasi ni 256, na chalii wetu akiichukua moja, kuna mchezaji wa 640 aliyefanya mazoezi mwaka mzima ambaye huenda akakosa. Mimi silioni kama dhambi, kwa sababu viingilio vya akina sisi vinasaidia kutunisha zawadi ya akina Biado, na wenye mashindano wanalijua hilo vizuri. Ila asijidanganye kwamba uwepo wake haumgusi mtu.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Aingie, lakini kwa hela yake. Akiingia kwa hela yake, amenunua mechi mbili, beji ya mchezaji, na siku kadhaa za kusimama hatua tatu kutoka meza ambayo Filler anafanyia mazoezi, akiangalia anavyopaka chaki na anavyokataa mpira rahisi ili apate nafasi nzuri ya mpira unaofuata. Hayo ni yake, hata akifungwa tisa kwa bila mara mbili. Akiingia kwa mchango wetu, atakuwa amekwenda kutuwakilisha, na mtu mwenye 520 akibebeshwa Kijenge nzima mabegani hata ule mpira wa moja mbele ya shimo utamshinda. Tumeona harusi zinazoanza kwa michango zinavyoisha kwa kusutana. Sembuse mechi.

Na kabla hajalipa, nimemwandikia pembeni, si kundini: tafuta meza ya futi 9 hapo mjini, cheza miezi miwili mechi za kuwahi tisa na watu wa 650, andika kila matokeo. Ukiona unapata gemu tatu au nne kwa kawaida, lipa. Ukiona unapata moja, hela hiyo ipeleke kwenye mashindano ya jioni, US Open haiondoki.

Amesoma, alama mbili za buluu ziko pale, hajajibu. Kundini, mtu ameshaweka namba ya kutumia mchango na jina la mweka hazina.