Labubu imeshuka bei, sasa kosa la mnunuzi liko wapi?

Juni 2025 Pop Mart, kampuni ya China inayouza Labubu, vile vijidoli vya manyoya vyenye meno ambavyo watu huvining'iniza kwenye mikoba, walimwaga mzigo mpya sokoni, na ndani ya siku chache bei za walanguzi huko China zikaporomoka, nyingine karibu nusu. Kicheko kikaanza. Tuliwaambia, midoli sio mali, mmepigwa, na lazima atokee mtu alete mfano wa Beanie Babies, wale wanyama wadogo wa kitambaa waliojazwa punje za plastiki, ambao Wamarekani wa miaka ya 90 waliwaweka akiba kama dhahabu, wengine wakisema ndio ada ya chuo ya watoto, na leo wengi hawafikii hata bei waliyonunuliwa dukani. Historia hiyo siikatai. Ila naona tunaocheka tunapiga hesabu vibaya, na tunamcheka mtu asiyehusika.

Beanie Baby dukani ilikuwa kama dola 5. Mama kamnunulia mwanae, mtoto kalala nayo miaka mitatu, mkia umeng'oka, basi. Huyo kapoteza nini? Mbona aliyenunua viatu vya dola 5 mwaka 1996 hatumuulizi leo vina thamani gani? Aliyeumia ni yule aliyeenda kwa mlanguzi akalipa mia kadhaa kwa kitu cha dola 5, na huyo hakuwa ananunua mdoli, alikuwa ananunua uhaba, na uhaba wenyewe ulikuwa wa kutengenezwa. Ty Warner, mwenye kampuni ya Beanie Babies, hakuyapelekea maduka makubwa, aliuza kwa vijiduka vya zawadi, tena kwa kipimo, halafu akawa anatangaza tu kwamba huyu na huyu tumewastaafisha, yaani hawatengenezwi tena. Watu wanakimbia. Mwaka 1999 akatangaza anawastaafisha wote mwisho wa mwaka, mwishowe ikapigwa kura na uzalishaji ukaendelea! Sasa uhaba unaofunguliwa na kufungwa kama bomba la maji, na mwenye bomba ni muuzaji, kweli wa kumlaumu ni mnunuzi?

Na kuna kitu kingine kinanisumbua zaidi. Beanie Babies zilitunzwa mno. Watu walikuwa wananunua hadi vikava vya plastiki vya kulinda ile lebo ya sikioni isikunjike. McDonald's walipotoa zile ndogo mwaka 1997, karibu milioni 100, ilibidi promosheni ya wiki tano iishe wiki ya pili maana mzigo ulikwisha, na hao wote wakaenda kabatini wakiwa ndani ya vifuko vyao. Linganisha na vile vijidoli vya filamu za Star Wars vya kampuni ya Kenner vya kuanzia 1978: watoto walivifungua, wakavizika mchangani, wakavipoteza, mbwa wakatafuna. Hakuna aliyevitunza kwa sababu hakuna aliyeambiwa vitapanda bei, na ndiyo maana vilivyobaki kwenye pakiti vinatafutwa mpaka leo. Aliyevunja rekodi, yule Boba Fett wa kurusha roketi, mmoja wa wahusika wa filamu hizo, alinunuliwa mnadani dola 525,000 mwaka 2024, na huyo hakuwahi kuuzwa dukani hata siku moja, walimsitisha kwa kuhofia watoto watakabwa na ile roketi. Sasa hapo mtu wa kawaida angewekeza vipi?

Upande wa pili, wanaosema midoli ni uwekezaji, wana hoja, tena ya kisomi. Watafiti wa chuo kikuu cha HSE cha Urusi waliangalia seti 2,322 za Lego, yale matofali madogo ya plastiki ya kujengea, zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta zikishaondolewa dukani zinapanda kwa wastani wa asilimia 11 au zaidi kwa mwaka. Hii asilimia 11 nimeishaiona imerushwa sana, kila anayetaka kuhalalisha kabati lake anaitoa. Haya, tuitazame. Ni wastani, na ndani yake kuna seti zilizoshuka asilimia 50 na nyingine zilizopanda asilimia 600 kwa mwaka, yaani bila kujua ipi ni ipi umeshika hewa. Tena ni seti ambayo haijafunguliwa, kwa hiyo boksi lako limekaa uvunguni miaka kumi bila unyevu, bila panya, bila mtoto wa jirani. Halafu utafute mnunuzi, tovuti ya mnada ikate chake, ulipe posta. Mtu wa Dar atakuuliza swali moja tu, hatifungani za serikali za miaka 25 si zilishatoa riba ya 15.95? Najua, ile ni shilingi na hii ni dola, hazilinganishwi hivi hivi, lakini hatifungani panya haili.

Kwa hiyo mi nikirudi kwa Labubu, ule mzigo wa Juni naona ndio jambo la heshima ambalo kampuni ya midoli imefanya kwa mnunuzi wake. Agosti mwaka huo huo Pop Mart wakasema wanazalisha midoli ya manyoya kama milioni 30 kwa mwezi, zaidi ya mara kumi ya mwaka mmoja nyuma. Mwenye hisa alilia, na mlanguzi naye kalia, ila dada wa Shanghai aliyekuwa anataka tu ya kuning'iniza kwenye mkoba kaipata kwa yuan 99. Bei kushuka kwake ni habari njema jamani!

Pop Mart wanaponishinda ni kwenye maboksi ya kubahatisha, unanunua bila kujua mdoli gani yumo ndani. Labubu ya siri, ile adimu kuliko zote, inasemwa ni boksi 1 kwa 72. Watu wanasikia hivyo wanadhani ukinunua 72 umeipata, hapana, ukipiga hesabu za bahati, kati ya watu 100 wakinunua maboksi 72 kila mmoja kwa kubahatisha, kama 36 wanatoka mikono mitupu, na kila mmoja kashatumia yuan 7,128. Hapo thamani kubaki au kutobaki hata sio mjadala tena, huo ni mkeka. China wenyewe waliliona, mwaka 2023 wakatoa mwongozo kwamba mtoto chini ya miaka 8 asiuziwe, na kuanzia 8 mzazi akubali. Mpwa wangu ana 9. Labubu yake ni feki ya kwenye meza ya mmachinga, zilikuwa zimening'inizwa nje nje, akachagua ya pinki.