Juya lilipita bandarini kwanza

Wiki iliyopita nilisimama dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikitazama nyavu zikichomwa. Nyavu nne na juya moja, yaani wavu wa kukokota, zimelundikwa mchangani, zimemwagiwa petroli, na mkubwa mmoja akakabidhiwa kiberiti mbele ya kamera. Hotuba ilikuwepo. Maji ya chupa yalikuwepo. Moshi mweusi wa nailoni ukaenda moja kwa moja kwenye vibanda vya wakaanga samaki, wanawake wakajiziba pua kwa kanga, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mbele: "Haya, na sie leo tushafukizwa."

Kabla hamjanirukia, niseme kabisa kwamba sitetei juya. Nina damu ya Kojani, kisiwa cha wavuvi huku Pemba. Babu yangu alikokota juya, na ami yangu amekwenda dago, kambi ya wavuvi, mpaka Mafia, akalala chini ya matanga miezi mitatu akila ugali na supu ya vichwa. Kazi yenyewe naijua. Watu wanalizungusha juya majini, wengine wanazama kulikwamua kwenye mawe, wengine wanapiga maji ili samaki wakimbilie ndani, kisha kamba zinavutwa huku na huku. Linapopita, majani ya bahari yanang'oka, na matumbawe yaliyosimama miaka mingi kuliko babu yangu yanavunjika kama biskuti. Mfuko ukifunguliwa, mna tasi wa kidole, changu wa kidole, pono ambao hata rangi hawajaipata. Likivutwa kwenye hori, mkono wa bahari, karibu na mikandaa (mikoko) ndiyo balaa zaidi, maana humo ndimo samaki wanamolelewa kabla hawajatoka kwenda mwambani. Ni sawa na kwenda chuoni asubuhi ukabeba watoto wote, kisha ukashangaa mbona mji hauna vijana.

Kwa hiyo limekatazwa, na vizuri likatazwe. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar tunayo, Namba 7 ya 2010, na kabla yake ilikuwepo ya 1988. Kamati za wavuvi za shehia tunazo. Upande wa magharibi wa Pemba karibu wote ni hifadhi tangu 2005, na kisiwa cha Misali kilitangulia, 1998. Karatasi hatukupungukiwa.

Ninachouliza mie ni kitu kidogo tu: ule wavu ulifikaje?

Babu alifuma wavu wake kwa mkono, kwa uzi, barazani, jioni baada ya jioni. Hizi za leo hakuna mtu kijijini aliyezifuma. Zimekuja katika marobota, ndani ya chombo, zikashushwa gatini mchana, zikabebwa na hamali, zikapandishwa gari. Duka moja mjini (silitaji, na wenye macho wanalijua) linazitundika mlangoni kama mashuka, macho, yaani matundu, madogo kuliko yote yakiwa mbele kabisa kwa sababu ndiyo yanayotoka haraka. Unapita nazo barabarani begani, askari anakusalimia. Zinakuwa haramu siku zinaporowa tu! Nikiwa hapo hapo kwenye moshi nilimuuliza ofisa mmoja kijana suali hili. Akacheka, akaniambia, "Mzee wangu, hilo halipo kwetu sisi." Nina miaka 41, lakini haya.

Na kijana mwenye juya alilipata kwa pesa gani? Hana. Alikopeshwa na tajiri, yule anayesubiri dikoni na mizani yake na friza lake. Tajiri anatoa wavu, anatoa mafuta, wakati mwengine anatoa na mchele wa nyumbani wakati wa kusi kali, na kijana anamuuzia yeye tu, kwa bei anayoitaka yeye. Sasa wavu ukichomwa, deni linaungua? Haliungui. Kijana amerudi nyumbani hana wavu na deni liko pale pale, tena limeongezeka faini. Kesho kutwa atafanya nini? Atakwenda kwa tajiri yule yule, atapewa wavu mwengine wa macho yale yale, kutoka duka lile lile. Tajiri hamnunulii mdaiwa wake wavu wa macho makubwa akae akisubiri kolekole wapite huku pesa yake inalala. Kwa hesabu yangu ya mtu asiyesoma uchumi, kila wavu unaochomwa ni wavu mmoja mpya uliouzwa. Mwenye duka angekuwa na adabu angechangia petroli.

Nakiri, na nakiri kwa shida: zisipochomwa zinarudi. Tushaona wavu umekamatwa Jumatatu na Ijumaa uko baharini, hata fundo la kamba ni lile lile. Basi chomeni. Lakini mkimaliza pandeni gari hiyo hiyo, na kamera hizo hizo, muende mlangoni pa lile duka.

Kuna jambo jengine linanikera hata kusema. Juzi kwenye gari ya Wete kwenda Chake, bwana mmoja alihubiri njia nzima kwamba Wakojani ndio waliomaliza samaki wa kisiwa hiki. Mkononi ana mfuko wa tasi wa kukaanga, anawatia mdomoni mmoja mmoja na kichwa chake, kama njugu. Nikamuuliza, "Yakhe, na hao unaowatafuna walifia uzee?" Gari zima likacheka, yeye akafunga mfuko, hakuhubiri tena. Lakini hayuko peke yake. Nani kati yetu amewahi kuliacha fungu la vitoto kwa kuwa ni vitoto? Tunataka rahisi, na wenye mahoteli wanataka samaki wa kutosha sahani moja, yaani yule ambaye angengojewa mwaka mmoja tu angekuwa mama. Wote tunalaumu aliyerowa.

Wanaotanda kwa chandarua wakati wa maji kupwa nao wanasemwa sana, lakini wallahi ukiona anachopata mama mmoja kwa siku, anza na wengine kwanza. Taa za usiku na nyavu za kufungia nitaziandikia siku presha yangu ikishuka.

Mara nyingi naambiwa wavuvi wetu hawaelewi, wanahitaji elimu. Hawaelewi? Kisiwa Panza watu walikaa wakakubaliana, wakaufunga mwamba wao kwa pweza, miezi mitatu, bila ya mtu kuchomewa kitu. Bukini, yaani Madagaska, wenzetu walianza mtindo huo tangu 2004. Na sababu yake kila mwanamke mwenye mtaro, chuma cha kumdungia pweza, mkononi anaielewa, kwa sababu pweza anakua mbio. Ukimwacha wiki chache uzito wake ni mwengine kabisa, na jike anataga mara moja tu katika maisha yake, analinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchoma kabla, umechoma na watoto. Mwamba ukifunguliwa watu wanaona kwa macho yao walichongojea. Sisemi hakuna wezi. Wapo, na wengine ni watoto wa wanakamati. Lakini pale mwizi anaonekana mwizi, wala si shujaa aliyeonewa na serikali.

Samaki wa hori ni wagumu zaidi, nakubali. Chewa, kwa mfano, anaanza maisha akiwa jike, akikua sana ndipo anageuka dume. Ukivua wadogo umemaliza wanaotaga, ukivua wakubwa umemaliza waume zao. Hakui kwa miezi mitatu huyo. Nani atamlipia kijana deni lake muda wote huo? Ghuba ya Chwaka, Unguja, walishapigana miaka ya 1990, watu wa mitego ya madema wa kijiji cha Marumbi na watu wa nyavu, na wote ni majirani wanaozikana. Kwa hiyo sisemi ni kazi nyepesi. Nasema waanze na robota, ambalo halikimbii, halizami, na lina risiti.

Kesho yake asubuhi, bamvua, maji yako mbali, nikapita tena dikoni. Pale palipochomwa pana duara jeusi na harufu bado. Watoto watatu wamechuchumaa wanachekecha majivu kwa mikono. Mmoja ana kopo la maziwa, limejaa nusu vipande vya risasi za kuzamishia wavu, vingine vimeyeyuka vikawa kama machozi. Nikamuuliza anavipeleka wapi.

"Kwa ami," akasema, bila ya kuinua kichwa. "Anasema atazisubu upya. Wavu mwengine unakuja leo."