Papa potwe wa Mafia: jicho la samaki au lenzi pana ya kawaida?

Wapigapicha za video wanaokwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, katika msimu wa papa potwe, yaani Oktoba hadi Machi, hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoshikilia lenzi ya jicho la samaki, inayoona nyuzi 180 hivi kutoka pembe moja ya fremu hadi ya pili, na wapo wanaopendelea lenzi pana ya kawaida, yenye urefu wa fokasi wa milimita 14 au 16, kwa kuwa haipindi mistari iliyonyooka. Kwa maji ya Mafia naona upande wa kwanza una hoja nzito zaidi, ingawa si kwa kila kazi.

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Kisiwa hiki kinatazamana na delta ya Mto Rufiji, na papa potwe hufuata makundi ya uduvi, kwa hiyo pale anapokula ndipo maji yanapokuwa ya kijani na yenye ukungu. Kila mita inayoongezeka kati ya kamera na mnyama hufifiza picha na kumeza rangi, nyekundu ikitangulia, na hakuna marekebisho ya baadaye yanayoirudisha yote. Mpigapicha hana budi kuwa karibu, na ukaribu hudai upana.

Upana huo unapimika. Tuchukue papa wa mita 7 anayeogelea sambamba na kamera kwa umbali wa mita 3, ambao ndio umbali wa chini unaoruhusiwa kutoka mwilini mwake kule Ningaloo, Australia Magharibi. Ili aonekane mzima, lenzi inahitaji karibu nyuzi 99 za mlalo. Lenzi ya milimita 16, kwenye sensa ya kamera (kitambuzi kinachopokea mwanga) yenye upana wa milimita 36, huona takriban 97, na hizo hupatikana tu ikiwa kasha lisiloingiza maji linalobeba kamera lina kioo cha kuba, yaani kilichobinuka kwa nje, mbele ya lenzi. Ukiweka kioo bapa, mwanga hupinda unapotoka majini na lenzi hiyohiyo hubaki na nyuzi 68 hivi, jambo linalomrudisha mpigapicha hadi zaidi ya mita 5 kutoka kwa papa, ndani ya ukungu alioukimbia. Lenzi ya milimita 14 inatosha, lakini kwa taabu, kwa sababu haiachi nafasi ya maana ya maji mbele ya pua ya mnyama aliye mwendoni.

Kuba nayo ina masharti yake. Taswira inayoundwa na kuba imejipinda na iko karibu sana na kioo, hivyo lenzi pana ya kawaida hutoa pembe zilizofifia isipokuwa kuba iwe kubwa, yenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, na tundu la lenzi lipunguzwe hadi f/8 au f/11. Jicho la samaki huvumilia kuba ndogo, na kwa mtu anayeogelea juujuu kwa miwani na mapezi akimfuata mnyama asiyesimama, tofauti hiyo ya ukubwa ni kubwa mno.

Upande wa pili hata hivyo una haki yake. Video ya uwiano wa 16:9 hukata sehemu ya juu na ya chini ya sensa, hivyo pembe dhaifu za lenzi ya kawaida hazidhuru video kama zinavyodhuru picha za mnato. Pomboo na nyangumi wenye nundu, ambao mara nyingi hubaki mbali, hugeuka vidoa ndani ya jicho la samaki. Na anayetaka kukadiria urefu wa papa kutokana na video yake asiitumie lenzi hiyo kabla ya kuisahihisha kwa vipimo, kwani kichwa kilicho karibu huvimba na mkia ulio pembezoni hujikunja. Madoa yaliyo nyuma ya matamvua, ambayo watafiti huyatumia kumtambua kila papa, husomeka vizuri iwapo yapo katikati ya fremu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tabia. Jicho la samaki humwonyesha papa kwenye skrini akiwa mdogo na mbali kuliko alivyo, naye mpigapicha husogea, kisha husogea tena, hadi mnyama anaacha kula na kuzama. Ninayemshauri kuchukua lenzi hii namtaka akadirie umbali kwa macho yake, nje ya skrini, na papa akigeuka kumwelekea, yeye ndiye apishe.