Serikali Ndogo Haiji kwa Vibonzo

Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi wapenda serikali ndogo na kodi ndogo hapa Marekani, kwamba Jumamosi tunahitaji watu wa kubisha hodi, maana kuna mitaa ambayo haijaguswa kabisa na uchaguzi umeshafika. Majibu yalikuja kwa kishindo. Kibonzo cha mtoza kodi mwenye mkono mrefu kuliko mwili. Kibonzo cha Mjomba Sam, yule mzee anayechorwa badala ya serikali ya Marekani, akinadi figo zake mnadani. Makala ndefu kuhusu Benki Kuu ya Marekani, ambayo nina hakika hata aliyeituma hakuisoma. Halafu mzee mmoja, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa la kusema, akaandika kwamba sisi ni watu wa hoja, mambo ya kugonga milango tuwaachie wale wanaogawa vya bure.

Wa kuja Jumamosi? Kimya.

Sasa jamani. Sisi ndio tunaosema kila siku kwamba raia wakiachwa huru watasaidiana wenyewe. Watasomesha, watalisha wenye njaa, watatunza wajane, bila afisa kuwasukuma na bila kukamuliwa kodi. Mimi naiamini hoja hiyo, na nimeshagombana na watu wazima mezani kwa ajili yake. Lakini ikiwa ni kweli, basi kampeni ndiyo mtihani wake wa kwanza, na ni mtihani mwepesi. Hakuna anayekuomba ujenge hospitali. Unaombwa uvae viatu, uchukue orodha ya wapiga kura, utembee mtaa mmoja. Kama hiari yetu haiwezi kumtoa mtu kwenye kochi asubuhi moja, jirani yangu wa chama kile kingine ana haki ya kunicheka nikimwambia kwamba hiari hiyo hiyo itachukua nafasi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Na anacheka kweli, kwa sababu wao wanatoka. Vyama vya wafanyakazi vinaleta watu, makanisa yao yanaleta watu, wanafunzi wanakuja na ngoma. Sisi, wapenzi wa jamii inayojiendesha yenyewe, tunasubiri tajiri fulani atulipie kampuni ya vijana wenye fulana na vishikwambi. Vijana hao wanafika milango mingi kuliko sisi, hilo sikatai. Ila muulize mmoja wao kuhusu shule ya mtaa huo au barabara yake, uone atakavyokukodolea macho. Ametoka mbali, na Jumatatu atakuwa mji mwingine akimpigia debe mgombea mwingine.

Mzee wa hoja anasema milango haibadilishi mawazo ya mtu. Kwa shingo upande, nakiri ana utafiti upande wake. Mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman waliyapitia majaribio 49 ya kampeni za Marekani, wakaona kwamba katika uchaguzi mkuu kuwafuata watu ili wabadili mgombea wao huzaa karibu sifuri. Lakini watafiti hao hao waliona mambo ni tofauti kwenye kura za mchujo ndani ya chama na kura za kuamua mapendekezo ya sheria, ambako mtu hafuati tu jina la chama chake. Na kumbadilisha mtu ni jambo moja, kumtoa nyumbani akapige kura ni jingine. Mwaka 1998 kule mji wa New Haven, Alan Gerber na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Yale waliwagawa maelfu ya wapiga kura kwa bahati nasibu: hawa walitembelewa, hawa walipigiwa simu, hawa walitumiwa barua. Waliotembelewa ndio waliojitokeza zaidi. Barua zilisaidia kidogo sana, simu hata hazikuonekana zimefanya nini. Vibonzo havikupimwa, lakini nina wazo.

Kwa hiyo hatwendi kumsilimisha mtu. Tunakwenda kwa yule ambaye tayari amechoshwa na vibali na ada, ambaye siku ya kura angebaki kazini.

Na historia yetu ndiyo hiyo hiyo. Pendekezo la 13 la California, mwaka 1978, lile lililobana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, halikuletwa na wanafalsafa. Howard Jarvis na Paul Gann walikusanya saini zaidi ya milioni 1.2 ili lipigiwe kura na wananchi, kazi iliyofanywa zaidi na watu wa kujitolea, mezani nje ya maduka. Gavana Jerry Brown alilipinga. Likapita kwa karibu asilimia 65. (Ndiyo, najua, leo majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wanaweza kulipa kodi zinazopishana kama usiku na mchana, kwa sababu mmoja alinunua zamani. Tutabishana siku nyingine.) Kisha tarehe 10 Juni 2014 huko Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani na mwenye mamilioni ya dola ya kampeni, aliangushwa kwenye mchujo na Dave Brat, mwalimu wa uchumi mwenye mfuko mwembamba na watu wa mitaani waliokuwa na hasira. Sehemu ya hasira hiyo ilihusu uhamiaji kuliko bajeti, na mimi mhamiaji sikuifurahia. Lakini walitembea.

Anayedhani mlango mmoja si kitu akaulize Virginia hiyo hiyo mwaka 2017: kiti cha bunge la jimbo, kura 11,608 kwa 11,608, mshindi akapatikana kwa jina kuchomolewa kwenye bakuli.

Jambo linalonikera zaidi, hata kuliko uvivu, ni tunachokwenda kusema tukishafika. Msimu huu nimebisha mlango wa dada mmoja msusi, akafungua huku kitana kimekaa kichwani mwake na mteja amekaa sebuleni nusu amesukwa. Mimi mkononi nina kipeperushi cha makao makuu: deni la taifa, waasisi, Katiba. Akakitazama, akaniuliza, "Kaka, huyu mtu wako ataniondolea sharti la leseni?" Sheria inamtaka asomee urembo kwa mamia ya saa, akilipa ada, ili aruhusiwe kufanya kazi aliyofundishwa na mama yake. Hapo ndipo serikali inapomkalia shingoni mtu maskini, na kipeperushi chetu hakikuwa na neno hata moja juu yake.

Nikamsimulia habari za Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyekuwa akisuka Utah, akaambiwa asomee vipodozi kwa takriban saa 2,000. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2012 jaji wa shirikisho akaamua kwamba kumlazimisha hivyo kunakiuka Katiba. Dada akaacha mlango wazi, mteja naye akageuza shingo asikilize. Katiba ile ile ya kwenye kipeperushi, ila sasa ilikuwa na nywele.

Nikaipeleka hoja ofisini kwa mgombea wetu mkubwa. Wakanijibu kwamba leseni za wasusi si suala la kitaifa. Ni kweli, sheria zake zinatungwa kwenye bunge la jimbo, wanakogombea wale wa chini kabisa ya karatasi ya kura ambao hakuna kwenye kundi letu anayewajua kwa majina. Nikampigia mmoja wao. Alipokea mwenyewe, maana hana ofisi, na swali lake la kwanza lilikuwa dada yule huwa hana wateja saa ngapi.