Carlisle hawakuwa Thorpe peke yake
Ndugu mwandishi, asante kwa makala ya msimu wa 1912 wa Carlisle, timu ya mpira wa Kimarekani (American football) ya shule ya bweni ya vijana wa makabila ya asili, lakini umemsifu nyota wao Jim Thorpe kana kwamba alicheza peke yake. Gus Welch aliyepanga mashambulizi yuko wapi? Na Alex Arcasa aliyefunga siku ile West Point, kwenye chuo cha kijeshi cha Marekani? Tarehe 9 Novemba vijana hao wa makabila ya asili ya Marekani waliichapa timu ya jeshi 27–6, na Dwight Eisenhower, rais wa baadaye, alikuwa upande ulioshindwa. Miaka 22 tu tangu jeshi hilohilo liue watu wao huko Wounded Knee, Dakota Kusini! Shuleni kwao walikatwa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao. Kila ninaposoma matokeo yale, nasisimka.